Mwai Kibaki na Hesabu za Taifa

Kila taifa lina hesabu mbili lisizoweza kuzikwepa. Ya kwanza ni hesabu ya mali: mapato na matumizi, deni na akiba. Ya pili ni hesabu ya watu: nani amechaguliwa, na kwa kura ngapi. Hesabu ya kwanza yahitaji elimu, na ya pili yahitaji uaminifu. Mtawala aweza kuwa bingwa wa moja akashindwa na nyingine, na raia hupata faida ya ubingwa wake na hasara ya kushindwa kwake kwa pamoja. Maisha ya Mwai Kibaki, Rais wa tatu wa Kenya, ni somo juu ya hesabu hizi mbili.

Kijana aishiye Dandora, au katika mtaa wowote wa mashariki ya Nairobi, ana haki ya pekee ya kulidai somo hilo. Katika mitaa hiyo iitwayo Eastlands ndipo Kibaki alipoomba kura kwa mara ya kwanza. Dandora yenyewe ilijengwa wakati yeye akiwa Waziri wa Fedha. Shule za huko zilijaa watoto kwa amri ya serikali yake. Na kura za mwaka 2007 zilipoharibika, watu wa Eastlands walikuwa miongoni mwa waliolipa kwa machozi.

Kibaki alizaliwa tarehe 15 Novemba 1931 katika kijiji cha Gatuyaini, Othaya, katika wilaya ya Nyeri. Alisoma katika shule za misheni, akaingia Mang'u, na mwaka 1951 akavuka mpaka kwenda Makerere, Uganda. Chuo hicho ndicho kilichokuwa kilele cha elimu kwa vijana wa Afrika Mashariki siku zile. Alihitimu mwaka 1955 kwa shahada ya uchumi ya daraja la kwanza. Kutoka hapo alikwenda London School of Economics kujifunza elimu ya fedha za serikali, na mwaka 1958 alirudi Makerere kuwafundisha wengine. Hapakuwa na Waafrika wengi wakati ule waliojua vema jinsi kodi inavyokusanywa na jinsi inavyopotea.

Mwaka 1960 chama cha KANU kilizaliwa. Chama kilikuwa na wasemaji wengi, lakini kilihitaji watu wa kuandika, kupanga na kupima. Mwezi wa Desemba mwaka huo Kibaki aliacha kazi yake ya chuo, akawa mtendaji wa ofisi ya chama. Hasara yake ilikuwa dhahiri, kwa maana aliacha mshahara wa hakika akafuata jambo lisilo na hakika. Ujana wake wa siasa haukuwa wa majukwaa wala wa magereza. Ulikuwa wa meza na karatasi. Tabia hiyo haikumwacha hadi uzee. Alipendelea kazi kuliko makelele, na mara nyingi alinyamaza hata mahali ambapo watu walitamani aseme.

Katika uchaguzi wa mwaka 1963, mwaka wa uhuru, alichaguliwa kuwa mbunge wa Doonholm, jimbo la Nairobi ambalo baadaye liliitwa Bahati. Wapiga kura wake walikuwa watu wa mitaa ya mashariki: makarani, mafundi, wafanya kazi wa reli na wachuuzi, waliotoka pande zote za nchi na kukaa mlango kwa mlango. Mgombea wa hapo hakuweza kusimama kwa ukoo wake peke yake. Ilimpasa aeleweke kwa Mluo, kwa Mluhya, kwa Mkamba na kwa Mkikuyu pia. Hapana shule ya siasa iliyo kali na nzuri kama hiyo.

Kibaki hakuimaliza shule hiyo. Uchaguzi wa Desemba 1969 ulifanywa katika mwaka wa huzuni. Tom Mboya, mbunge na waziri aliyependwa sana katika Nairobi, alikuwa ameuawa tarehe 5 Julai, na chama cha upinzani, KPU, kilikuwa kimepigwa marufuku. Katika jimbo la Bahati Kibaki alipambana na mwanamke hodari, Jael Mbogo. Kibaki alitangazwa mshindi kwa tofauti ndogo, na matokeo yalizua malalamiko mengi. Uchaguzi mwingine ulipofika mwaka 1974, aliiaga Nairobi akaenda kugombea Othaya kwao, ambako alibaki kuwa mbunge mpaka alipostaafu. Twaweza kuielewa hatua hiyo, kwa kuwa mwanasiasa hutafuta mahali pa salama. Lakini mwenye kuondoka mjini ambako kura hubishaniwa, akaenda nyumbani ambako kura ni za jamaa, hupata usalama na kupoteza mafunzo. Na Kenya nzima, kama ingekuwa jimbo moja, ingefanana zaidi na Bahati kuliko Othaya.

Wakati huo huo nyota yake serikalini ilikuwa ikipanda. Alikuwa Waziri wa Biashara na Viwanda mwaka 1966, kisha akashika Wizara ya Fedha na Mipango hadi mwaka 1982. Katika kipindi hicho Nairobi ilifurika watu. Nyumba za Baraza la Jiji hazikutosha, na vibanda vya mabati na makaratasi vilizidi kando ya mito. Serikali ilikuwa na njia mbili: kuvibomoa vibanda, au kuwawezesha watu kujijengea. Mwaka 1975 ulipatikana mkopo wa Benki ya Dunia, na mradi wa Dandora ukaanza.

Mpango wenyewe wafaa kuelezwa, kwa sababu ni hesabu iliyogeuka kuwa mtaa. Baraza la Jiji lilipima viwanja vipatavyo 6,000 katika ardhi iliyo kando ya Mto Nairobi. Likachimba mitaro ya maji machafu, likalaza mabomba, likafanya barabara, na juu ya kila kiwanja likajenga choo na mahali pa kuogea. Yaliyobaki yalikuwa kazi ya mwenye kiwanja. Alipewa mkopo wa vifaa, akajenga chumba kimoja, kisha cha pili, kwa kadiri ya uwezo wake, huku akilipa deni lake kidogo kidogo kila mwezi. Haba na haba hujaza kibaba. Waliofaidi walikuwa watu wa kipato kidogo ambao hakuna benki ingewafungulia mlango.

Je, hesabu hiyo ilitoka sawa? Kwa sehemu kubwa ilitoka. Dandora ilisimama, ikajaa watu, na maelfu walipata mahali palipo na maji na njia. Lakini wenye viwanja wengi waliongeza vyumba vya kupangisha, kwa maana kodi ya mpangaji ndiyo iliyolipa deni; na baadaye majengo ya ghorofa yalipanda juu ya mitaro iliyopimwa kwa ajili ya watu wachache zaidi. Tena, katika miaka hiyo hiyo ya 1970, Baraza lilianza kumwaga taka za jiji zima katika machimbo ya mawe yaliyoachwa karibu na hapo. Jalala la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini malori hayakukoma. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Nairobi, lilitoa ripoti juu ya watoto 328 wa jirani na jalala hilo. Nusu yao walionekana kuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kinachokubaliwa. Jalala lilikuwa kazi ya Baraza la Jiji, wala si haki kumbebesha waziri mmoja mzigo wote. Hata hivyo lafundisha kwamba daftari la fedha laweza kuwa safi, na bado likawa na mstari mmoja ambao hakuna aliyeuandika.

Jomo Kenyatta alipofariki mwaka 1978, Daniel arap Moi alishika urais na Kibaki akawa Makamu wake. Alikaa katika cheo hicho miaka 10. Mwaka 1988 alishushwa, akapelekwa Wizara ya Afya. Mwaka huo ndio KANU ilipotumia upigaji kura wa mlolongo, ambamo wapiga kura walisimama mstari nyuma ya wakala au picha ya mgombea wao. Mstari mrefu uliweza kutangazwa kuwa mfupi, na mfupi kuwa mrefu, mchana kweupe. Watu wengi walilia, na wachache walithubutu kusema. Kibaki hakuwa mstari wa mbele miongoni mwa waliothubutu. Wengine walipokamatwa kwa kudai vyama vingi, yeye alifananisha kazi ya kuing'oa KANU na kuukata mti wa mugumo kwa wembe. Sheria ilipobadilishwa Desemba 1991 na kuruhusu vyama vingi, ndipo alipotoka serikalini akaunda Chama cha Demokrasia. Waliomtangulia katika mateso hawakusahau kwamba alichelewa.

Sasa hesabu ya pili ilianza kumfunza. Mwaka 1992 upinzani uligawanyika, na Moi akashinda kwa asilimia ipatayo 36 tu ya kura, huku Kenneth Matiba akiwa wa pili, Kibaki wa tatu na Jaramogi Oginga Odinga wa nne. Wapinzani kwa jumla walikuwa na kura nyingi kuliko mshindi, lakini kura zilizotawanyika hazijengi serikali. Mwaka 1997 Kibaki alikuwa wa pili. Aliyakataa matokeo akaenda mahakamani. Kesi yake ilitupwa, si kwa kupimwa ushahidi, bali kwa sababu karatasi za mashtaka hazikukabidhiwa Rais mkononi mwake. Msomaji aukumbuke ukweli huo: Kibaki mwenyewe aliwahi kusimama mlangoni pa haki, akaambiwa kwamba mlango umefungwa kwa kosa la karatasi.

Mwaka 2002 wapinzani walijifunza kujumlisha. Kibaki, Michael Wamalwa na Charity Ngilu waliunganisha vyama vyao. Na Raila Odinga, alipotoka KANU pamoja na wenzake, alimtangaza Kibaki kuwa anatosha. Muungano wa NARC ukazaliwa. Mapema Desemba Kibaki aliumia vibaya katika ajali ya gari, na wenzake walizunguka nchi kumwombea kura yeye akiwa mgonjwa. Tarehe 27 Desemba alipata asilimia ipatayo 62, na Uhuru Kenyatta wa KANU akapata 31. Siku tatu baadaye aliapishwa katika Bustani ya Uhuru, ameketi katika kiti cha magurudumu, mbele ya umati usiohesabika. KANU, iliyotawala tangu mwaka 1963, iliondoka bila damu kumwagika. Hiyo ndiyo siku hesabu ya watu ilipotoka sawa.

Bingwa wa uchumi alianza kazi. Januari 2003 karo ya shule za msingi ilifutwa, na zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka madarasani. Madawati hayakutosha, na walimu walizidiwa. Lakini mtoto aliyekuwa akizurura jalalani alipata mlango wa kuingilia. Mwaka huo huo iliundwa hazina ya maendeleo ya majimbo, iliyotengewa asilimia 2.5 ya mapato ya serikali. Mwaka 2008 serikali ilianza kulipia masomo ya shule za sekondari, shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Uchumi uliokuwa ukikua kwa chini ya asilimia 1 mwaka 2002 ulikua kwa karibu asilimia 7 mwaka 2007. Barabara kuu ya kwenda Thika ilipanuliwa, ikafunguliwa mwaka 2012. Hata wapinzani wake walikiri kwamba mtu huyu aliijua kazi ya fedha.

Lakini fedha ina walinzi na ina wezi. Kashfa ya mikataba ya Anglo Leasing ilionyesha kwamba ufisadi haukuondoka pamoja na KANU. John Githongo, aliyepewa kazi ya kuufichua, alijiuzulu Februari 2005 akiwa ng'ambo. Tena mapatano ya kugawana madaraka ndani ya NARC hayakutimizwa, na waliomwombea kura Kibaki akiwa kitandani wakajiona wamedanganywa. Novemba 2005 wananchi waliikataa katiba iliyopendekezwa na serikali, kwa asilimia ipatayo 58. Kwa haki yake tuseme kwamba Kibaki alikubali kushindwa siku ile bila hila. Lau angaliishika desturi hiyo njema pia katika matayarisho ya uchaguzi uliofuata!

Hakuishika. Mwaka 1997 vyama vilikuwa vimepatana kwamba upinzani ushirikishwe katika kuwachagua makamishna wa Tume ya Uchaguzi. Serikali ya Kibaki ilijaza nafasi hizo bila kushauriana nao. Mchezo unaweza kuwa halali, lakini mchezaji akimteua mwamuzi peke yake, nani atakayekubali kushindwa? Tarehe 30 Desemba 2007 Tume ilitangaza kwamba Kibaki amepata kura 4,584,721 na Raila Odinga 4,352,993. Jioni ile ile, jua likizama, Rais aliapishwa ndani ya Ikulu. Hapakuwa na umati wa Bustani ya Uhuru. Wapinzani walipoambiwa waende mahakamani walikataa, wakisema hawatapata haki huko. Jibu hilo Kibaki alikuwa na sababu ya kulielewa kuliko mtu yeyote.

Nchi iliwaka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao, kuanzia Bonde la Ufa hadi mitaa ya Nairobi. Dandora siku zile ilikuwa ndani ya jimbo la Embakasi. Mbunge mpya wa jimbo hilo, Mugabe Were, aliuawa kwa risasi mlangoni pa nyumba yake usiku wa kuamkia tarehe 29 Januari 2008, na habari hiyo ikaongeza hofu na ghadhabu. Majirani waliopanga chumba katika ploti moja, waliochota maji katika bomba moja, waliulizana makabila. Baadaye tume iliyoongozwa na jaji Johann Kriegler ilichunguza uchaguzi ule. Ikasema kwamba makosa yalikuwa mengi mno, hata haiwezekani kujua kwa hakika nani aliyeshinda. Hebu fikiri, msomaji: watu zaidi ya 1,100 walikufa kwa ajili ya jumla ambayo hakuna awezaye kuikokotoa.

Si Kenya pekee iliyopatwa na msiba wa kura. Katika Belgrade, mji mkuu wa Serbia, uchaguzi wa tarehe 24 Septemba 2000 ulizua ubishi wa namna hiyo. Tume ilidai kwamba Vojislav Koštunica hakuipita nusu ya kura dhidi ya Slobodan Milošević. Lakini wapinzani walikuwa wamekusanya hesabu zao wenyewe, kituo kwa kituo. Tarehe 5 Oktoba umati uliingia bungeni, na kesho yake Milošević akakubali kwamba ameshindwa. Tofauti ni kwamba huko raia walikuwa na nakala ya ushahidi, na huku kila upande ulikuwa na imani yake tu. Imani bila hesabu ni kuni kavu.

Amani ya Kenya ilirudi kwa mapatano. Tarehe 28 Februari 2008, mbele ya Kofi Annan na Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania, Kibaki na Raila walitia sahihi mkataba wa kugawana serikali, na Raila akawa Waziri Mkuu. Kutoka katika majivu hayo ilimea katiba mpya. Wananchi waliikubali tarehe 4 Agosti 2010 kwa asilimia ipatayo 67, na Kibaki akaitangaza tarehe 27 Agosti katika Bustani ya Uhuru. Katiba hiyo iliweka Mahakama ya Juu kusikiliza mashtaka ya kura za urais, na kuipa siku 14 tu za kuamua. Mwaka 2017 mahakama hiyo iliufuta uchaguzi wa Rais, na Rais aliyekuwa madarakani akalazimika kurudi kwa wapiga kura. Mlango uliofungwa usoni pa Kibaki miaka ya 1990 ulifunguliwa na katiba iliyobeba sahihi yake.

Alistaafu tarehe 9 Aprili 2013, akamkabidhi Uhuru Kenyatta madaraka katika uwanja wa Kasarani. Hakutafuta muhula wa tatu. Alifariki tarehe 21 Aprili 2022, akazikwa Othaya.

Tumpimeje mtu huyu? Wako wanaokumbuka karo iliyofutwa na barabara zilizojengwa, wakasema alikuwa rais bora. Wako wanaokumbuka moto wa mwaka 2008, wakasema aliipasua nchi. Wote wana ushahidi, na mwanafunzi wa historia hana ruhusa ya kuchagua ukurasa mmoja akauchana mwingine. Ukuaji wa asilimia 7 haufuti kaburi hata moja. Na kaburi halifuti darasa ambamo mtoto wa maskini alijifunza kusoma. Jema na baya yaliandikwa kwa mkono mmoja.

Lakini liko jambo ambalo maisha yake yalithibitisha. Ufundi wa mali hauwezi kusimama mahali pa uaminifu wa kura. Miaka mitano ya kazi njema ilitikiswa na siku tatu za hesabu isiyoaminika, na waliokuwa na kidogo ndio waliopoteza vyote. Kijana wa Dandora anayesoma hesabu darasani huenda asiwe waziri wala rais. Lakini siku moja aweza kuwa karani katika kituo cha kupigia kura, au wakala wa mgombea, au diwani anayeulizwa kwa nini taka za jiji zinamwagwa karibu na watoto wa shule. Siku hiyo atakuwa na kalamu mkononi na karatasi mbele yake. Taifa zima litamtegemea aandike tarakimu ile ile aliyoiona.